Matone Kutoka Jikoni

Uligeuza shingo, usikatae. Fundi viatu alipotupwa nyuma ya gari la polisi, ulikuwa dirishani, ukashusha pazia. Ndivyo ulivyofanya hata walipomchukua yule dobi, na dobi hajarudi mpaka leo.

Nyumbani kwa fundi, mpelelezi wa damu alikuwa amepiga magoti jikoni. Matone yalianzia kwenye sinki, yakaenda hadi kitandani, yakarudi. Beseni lilijaa vitambaa vilivyolowa. Na mke wa fundi alikuwa hajaonekana tangu alfajiri.

"Kamchinja," alisema inspekta. "Tumemuuliza mke yuko wapi, kakaza meno, kimya. Halafu ananyoosha kidole barabarani. Anatuonyesha alikomtupa!"

"Afande, tazama ukuta. Msafi. Damu ya mtu aliyepigwa huruka mpaka darini. Haya matone ni ya mviringo, yamedondoka taratibu. Mtu alikuwa anatembea huku na huku, anavuja."

"Damu yote hii, dada? Kwa kidonda gani, cha kujikuna?"

"Wapo watu damu yao haigandi. Mkwaruzo tu unaweza kuwamaliza. Tuma watu hospitalini wamtafute huyo mama kabla hajakauka!"

"Nihangaike na hospitali wakati muuaji ninaye? Wewe chota damu yako, fundi niachie mimi. Vijana wameshaanza kumlainisha."

Mpelelezi alivua glavu akazibwaga. Miaka yote ni hivi hivi: wao hukamata kwanza, yeye huitwa kupaka rangi makosa yao. Alimfuata inspekta mpaka kituoni, wakibishana njia nzima, na pale mapokezi akagonga meza vikombe vikaruka.

"Mwanamke anakufa huko nje, nanyi mnakunywa chai!"

Mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamke mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, amekumbatia kiboksi cha barafu. Mwilini hakuwa na hata mchubuko.

"Majirani wameniambia mume wangu yuko hapa," alisema akihema. "Dawa ya kugandisha damu nimeipata, hospitali ya rufaa. Jana aling'olewa jino, damu ikagoma kukatika. Nilimwambia aume kitambaa, asiseme na mtu yeyote mpaka nirudi."

Nawe askari uliyesimama karibu na funguo za selo, unangoja nini? Fungua!