Mgeni wa Saa Kumi na Robo

Kiatu kimoja kilikuwa cheusi, kingine cha kahawia, na Fumie hakugundua mpaka alipovivua kwenye mlango wa nyumba ya tatu. Ilikuwa wiki ya walimu kuwatembelea wanafunzi wao majumbani. Mama mwenye nyumba aliinama akavigeuza vitazame nje, kama ilivyo ada kwa mgeni, akavikodolea macho kidogo, kisha akamkaribisha chai. Fumie akainywa ile chai kama dawa.

Na hiyo ilikuwa nafuu. Asubuhi alikuwa amefungua mkoba mbele ya darasa zima atoe simu, akatoa rimoti ya televisheni. Simu yenyewe hakujua ameiacha wapi. "Mwalimu Takigawa, tuwekee katuni," mtoto mmoja akasema, na wenzake wakacheka mpaka wakalalia madawati. Takigawa lilikuwa jina la kwao, alilofundishia tangu hajaolewa. Nyumbani aliitwa Mama Sakuma, kwa jina la mume, na huko hakuna aliyecheka.

Mama mkwe wake, waliyeishi naye nyumba moja, alikuwa amemchoka. Mjukuu wake Konatsu ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, na tayari alikuwa amepelekwa shule siku ya mapumziko, akakuta geti limefungwa. Siku ya matembezi ya darasa, wenzake walipofungua vyakula vyao, yeye alifungua kibweta akakuta sindano na nyuzi za bibi. Mwalimu wake, Kuzuhara, ambaye naye alifundishia jina la kwao, aliandika kwenye daftari la mawasiliano kwamba Konatsu alishiba kwa vya wenzake, na kwamba kibweta chenyewe ni kizuri. Mama mkwe aliyasoma maneno hayo mara mbili.

Basi wakawekeana sharti, mume akiwa shahidi. Siku Mwalimu Kuzuhara atakapokuja kuwatembelea, akitoa neno moja tu la kulalamika kwamba mtoto hatunzwi, Fumie anaacha kazi, anakaa nyumbani. Fumie alikubali. Lakini alikuwa akiipenda kazi yake mno, na usiku wa kuamkia siku hiyo hakupata usingizi.

Siku yenyewe ndiyo hii ya viatu na rimoti, na mgeni angefika saa kumi na robo. Orodha ya Fumie mwenyewe, ya nyumba alizotakiwa kuzitembelea siku hiyo, ilikuwa na majina manne, na la mwisho lilikuwa la saa nane na nusu. Chini ya jina hilo Konatsu alikuwa amebandika sungura mkubwa mwenye maneno "Vizuri sana," moja ya zile stika ambazo mama yake huwabandikia wanafunzi waliofanya vyema. Kila Fumie alipomwona yule sungura, moyo ulimlainika. Walau kuna mtu mmoja duniani anayempa maksi.

Saa tisa na robo alikuwa kwake. Akafuta sakafu ya mlangoni, akapanga viatu viwiliviwili, akahakikisha kila kiatu kiko na mwenzake. Akatoa vikombe vya wageni na keki za mchele zenye maharagwe matamu. Konatsu alivalishwa soksi nyeupe, akakanywa asiguse kitu.

"Mama, friji linaimba," Konatsu akasema kutoka jikoni.

Mama mkwe akasema nyumba hii hata friji limechanganyikiwa, aitwe fundi.

Saa kumi na robo ikafika, ikapita. Kumi na nusu nayo ikapita. Chai ikapoa, ikamwagwa, ikatengenezwa nyingine. Mama mkwe alitazama saa ya ukutani, akaguna, na kwa mara ya kwanza tangu Fumie aolewe, mguno ule haukumlenga yeye. Ulimlenga Mwalimu Kuzuhara! Fumie alijisikia mwepesi, karibu acheke. Kumbe na wengine hukosea.

Simu ya nyumbani ikalia. Fumie akawahi kubonyeza spika, ili mama mkwe asikie kwa masikio yake.

"Mama Sakuma? Ni Kuzuhara. Nisamehe sana, naona aibu hata kusema."

Akaeleza kwamba yuko nyumbani kwake, hawezi kutoka. Naye ni mama, ana mtoto wa kiume darasa la tatu katika shule nyingine, na mwalimu wa mtoto huyo alikuwa aje kumtembelea saa tisa na nusu. Alipanga amalizane naye kwanza ndipo aje kwa akina Sakuma. Mpaka sasa hajatokea. Shule yake inampigia simu tangu saa hizo, hapokei.

"Wewe huna kosa hata kidogo," Fumie akasema, akikwangua stika ya sungura kwenye orodha yake kando ya simu, kwa ukucha, kwa raha aliyokuwa nayo. "Kosa ni la huyo mwalimu. Mtu anaahidi watu halafu haonekani, atawafundisha nini watoto?"

"Mwambie asinyamaze," mama mkwe akanong'ona. "Aende kwa mwalimu mkuu."

"Usinyamaze," Fumie akasema. "Nenda kwa mwalimu mkuu."

Sikio la sungura lilibanduka, likafuata la pili, kisha kichwa. Chini yake kulikuwa na wino, na mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

"Sipendi kumsema mtu," Mwalimu Kuzuhara akasema, na sauti yake ilijaa sebule nzima. "Lakini nasikia na wewe ni mwalimu, huenda mnafahamiana. Anaitwa Takigawa."

Jikoni friji likaanza kuimba tena, na mama mkwe akainuka polepole kwenda kulifungua.