Mwaka wa Tumboni

"Bibi, bima ya serikali sasa inalipia tiba ya sonona kwa wazee wa miaka sabini. Wewe una sitini na tisa," alisema karani wa hospitali mjini Daegu, Korea Kusini.

Pil-sun alikuwa amekikunja kikaratasi cha foleni mpaka kikalowa jasho. Tangu amzike mumewe, usingizi ulimhama.

"Wee binti, nina sabini mimi! Tangu lini mtoto akazaliwa hana mwaka? Ule wa tumboni umeuweka wapi?"

"Hesabu hiyo ya zamani ya Wakorea, ya mtoto kuzaliwa ana mwaka mmoja, ilishafutwa na sheria, bibi. Rudi mwakani."

"Ikafutwa!" Pil-sun akacheka peke yake. "Katika miaka yangu yote, mwanangu, ni huo tu niliolala vizuri. Na huo ndio mliouona wa kufuta."