Maneno Mawili

Mume wangu alisahau maneno yake katikati ya jukwaa, akageuza jicho kwenye pazia la pembeni nilikoketi na mswada.

Hiyo ndiyo kazi yangu kwa miaka ishirini na sita. Mwigizaji akikwama, namnong'oneza. Wengine hukwama siku moja moja. Yeye kila onyesho. Na asubuhi hiyo, huku nammiminia chai yake, alikuwa akimwambia mtangazaji wa redio kwenye simu, "Mimi? Sijawahi kusahau hata neno."

Alitakiwa kusema, "Mama, nimerudi." Maneno mawili tu, na kidole changu kilikuwa juu yake.

Nikafunga mswada.

Alinitolea macho. Jasho likamchuruzika, likachora mfereji kwenye poda ya shavu. Nikasema moyoni, leo utaumbuka, bwana wee.

Ukumbi ukawa kimya. Mwanamke mmoja wa safu ya mbele akaanza kulia. Kisha watu wote wakasimama na kupiga makofi.

Mwongozaji wetu mpya, aliyetuletea tamthilia za kisasa, alinijia mbio huku macho yamemlowa. "Dada, umeuona ukimya ule? Hiyo ndiyo sanaa ya leo!" Akachukua kalamu yangu, akayafuta yale maneno mawili kwenye mswada.

Pazia lilipofungwa, mume wangu akaja kujifuta uso kwa leso yangu.

"Unaona?" akasema. "Miaka yote hii, kumbe ni wewe uliyekuwa ukiniharibia."