Maua Yasiyonyauka

Loyce alikuwa amekatazwa mambo mawili: kusema Kiha na baba yake, na kukunja mikono ya gauni.

Mzee Venanti alifika Kasulu Ijumaa, mwaka 1997, akitokea Kumsenga, upande wa Kibondo. Tangu binti yake aolewe, huu mwaka wa tatu, hakuwa amemwona. Alimsalimu mlangoni kwa Kiha. Loyce alitazama chini.

"Shikamoo, Baba. Karibu ndani."

"Hapa kwangu ni Kiswahili tu, Baba," alisema mumewe, Nathaniel, akicheka. "Mimi mgeni wa huku. Mkianza hicho Kiha chenu mtaniuza hivi hivi nikiwa nimekaa."

Nathaniel alikuwa mtunza bohari wa shirika moja la wakimbizi. Aliomba ruhusa kazini ili mkwewe asikose mwenzake, na kweli hakumkosa. Hata Nathaniel mwenyewe alipokwenda kuoga, alimwita Loyce amshikie taulo. Mzee hakupata dakika moja na mwanawe. Alikuwa amekuja kuona anaishije. Akiridhika, angepanda lori la Kibondo Jumapili saa kumi, na asingerudi mpaka mwaka mwingine.

Jumapili baada ya chakula, Nathaniel aliwasha jenereta na kufunga mapazia. Jirani yao Esteri, muuza ndizi wa sokoni, alikuja na kigoda chake. Kanda za video zilikuwa tatu, zote zimeachwa na Mzungu aliyerudi kwao.

"Weka ile ya maua," Loyce alisema.

Yeye na mumewe walikuwa wameitazama mara nne. Nathaniel aliipenda: mke wa humo hakulalamika hata mara moja. Kiingereza chake yeye kiliishia kwenye maandishi ya maboksi, kwa hiyo Loyce, aliyemaliza kidato cha nne, ndiye aliyetafsiri. Wageni wakiwapo, Nathaniel alimalizia kila sentensi yake kwa kusema, "Ndivyo."

"Usiwe na wasiwasi, Baba. Loyce atakuelezea. Au na wewe ni msomi?"

"Nilisoma shule ya usiku, miaka saba. Loyce alipoingia sekondari, tukasoma pamoja. Taa moja, kitabu kimoja."

"Ngumbaro! Mpaka ukajua kuandika jina."

"Jina," mzee alikubali, akifuta miwani. "Na mengine kidogo."

Ikatokea nyumba nyeupe yenye uzio mweupe, na majani yaliyokatwa sawasawa kama nywele za askari. Mume alirudi na mkoba, akambusu mkewe, akakaa. Mezani palikuwa na maua mekundu, na mke akayamiminia maji.

"Jamani!" Esteri alisema. "Si ya plastiki yale?"

"Anayatoa vumbi," alisema Loyce.

"Ndivyo."

Mzee Venanti aliitazama meza ya sebule ile. Nayo ilikuwa na maua ya plastiki, mekundu, yaliyooshwa yakang'aa.

"Ua la namna hiyo halinyauki," alisema polepole. "Likifa, hakuna anayejua."

"Ndiyo faida yake, Baba!"

Mke wa kwenye picha alisimama akiwa amempa mumewe mgongo. Alisema maneno mengi kwa sauti ya chini, na machozi yakamtoka. Mzee alitikisa kichwa kabla Loyce hajafungua kinywa.

"Anasema chakula kiko tayari."

"Maneno yote yale, chakula tu?" Esteri aliuliza. "Na analilia nini?"

"Vitunguu."

"Vitunguu gani? Jiko zima sioni hata ganda!"

"Esteri, wewe Kiingereza umekijulia wapi?" Nathaniel alisema. "Mimi nimemsikia kwa masikio yangu: vitunguu."

Esteri alicheka mpaka kigoda kikayumba. Loyce hakucheka. Alivuta mkono wa gauni ukafika kwenye vidole.

Mwishoni mwa picha, baba wa yule mwanamke, aliyekuja kuwatembelea, alivaa kofia yake aondoke. Mwanamke akamshika koti kwa mikono miwili, akasema maneno machache, kisha akayarudia.

"Anasema, 'Asante kwa kuja, Baba. Karibu tena,'" alisema Loyce, kwa sauti tulivu kama anayesoma somo kanisani.

"Ndivyo. Mwisho mzuri sana."

Yule baba alimbusu binti yake kwenye paji la uso, akaenda zake. Mlango ukafungwa. Yakabaki maua mezani.

"Rudisha kidogo, mkwe wangu," mzee aliomba. "Hapo wanapoagana."

Nathaniel alirudisha, akafurahi kwamba mzee amependezwa. Safari hii Mzee Venanti hakuitazama picha. Alisikiliza tu, macho yake yakiwa kwa binti yake.

Saa kumi kasoro lori lilipiga honi barabarani. Loyce aliingia chumbani. Nathaniel alimbebea mkwewe kikapu hadi nje, ambako dereva alikuwa akisubiri na Esteri bado akisimulia vitunguu. Alitua kikapu, akampa mzee mkono.

"Basi, Baba, umeona tunavyoishi. Na mimi nitasema kama yule mama wa kwenye video: karibu tena."

Mzee Venanti alipokea mkono ule, hakuuachia.

"Hakusema hivyo," alijibu, kwa Kiingereza kilichonyooka. Kisha, kwa kuwa mkwewe hakukielewa, akamtafsiria. "Alisema, 'Baba, usiondoke bila mimi.'"

Nyuma yao Loyce alitoka na sanduku, mikono ya gauni ameikunja hadi mabegani, michubuko yote nje.