Kona ya Kushoto

"Shikamoo, baba."

Mzee Zahoro hakuitikia. Siku ya arobaini na tatu sasa hajamwitikia mkwewe, Salehe, na leo hakuona sababu ya kuanza. Aliinama juu ya pikipiki, koleo mkono wa kulia, masikio yote kwenye injini.

Pikipiki ilikuwa imesimama tu uani, usukani umelala kushoto, haiendi kokote. Lakini ilinguruma kama inayopanda mlima.

"Siku ile ilikuwa hivi hivi," Salehe akasema. "Nilipofika kona ya Mzenga ikavuta yenyewe. Wallahi sikuigusa."

"Ikavuta yenyewe!" Mzee akatema mate pembeni. "Pikipiki ina akili kukushinda wewe?"

Kisarawe nzima haikuwa na fundi mwingine wa kumfikia; ufundi aliupata jeshini, Burma. Pikipiki ile yeye ndiye aliyemchagulia Salehe, kwa Mgiriki wa mashamba ya mkonge kule Kibaha, na ndiye aliyeipitia nati kwa nati kabla ya safari. Ilitoka mikononi mwake nzima. Basi aliyemuua Swaumu, binti yake wa pekee, ni huyu huyu mumewe na mbio zake. Aliyasema hayo matangani, mbele ya watu wote. Salehe alilia kama mtoto, na hakuna aliyemshika bega.

Leo ameikokota mpaka hapa kuomba neno moja tu.

"Nitazamie, baba. Kama ni mimi, nijue ni mimi. Kama ni chuma, basi nipate hata usingizi."

Mzee alifungua kabureta, akaiosha kwa petroli, akairudisha. Bado injini mbio. Akailegeza kidogo skrubu ya mwendo. Bado. Akausogeza usukani ili apate pa kupitisha mkono, na mara injini ikatulia, taratibu kabisa.

Akaukunja tena kushoto. Ikapiga kelele. Akaunyoosha. Ikatulia.

Kona ya Mzenga ni ya kushoto.

Akaifuata kebo ya mafuta kwa vidole, kutoka kwenye mshikio mpaka chini ya tangi. Huko ilikuwa imefungwa kwenye chuma kwa kamba ya katani, imebanwa haina hata pa kupumulia. Kila usukani ukienda kushoto, kebo inavutika, injini inapata mafuta bila mtu kugusa.

Salehe naye aliona. Akakaa chini mavumbini.

"Kumbe si mimi," akasema, machozi yanamtoka. "Jamani, kumbe si mimi!" Kisha hasira zikampanda, akasimama. "Ni nani aliyefunga hivi? Nitajie, baba, nimfuate huko huko aliko!"

"Marahaba," akasema Mzee Zahoro.

Salehe akamtazama, asielewe.

Mzee alikuwa bado ameishika ile kamba. Aliifunga mwenyewe, alfajiri ya safari, kebo isije ikachezacheza njiani. Swaumu alichuchumaa kando yake, amemshikia ncha, anacheka: "Kaza, baba, kaza! Barabara yenyewe si unaijua."