Kitabu cha Ukunga

Swaumu, mtunza maktaba ya kijiji cha Kurui, alivipita vitabu vya kuku, vya mikorosho na vya hadithi, akachomoa kile cha ukunga, akakimbia nacho nyumbani. Mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda hospitali ya Kisarawe, na dada yake alikuwa akitoka damu tangu ajifungue.

"Tumbo nimelikanda, damu haikomi," alisema mkunga aliyemzalisha, asiyejua kusoma. "Soma, mwanangu. Kinafuata nini?"

Swaumu alifunua palipoandikwa kukanda tumbo. Ukurasa uliofuata haukuwepo. Mtu alikuwa ameuchana ili asokotee tumbaku. Kwenye mshono ulibaki ukingo mwembamba na chembe za majani makavu.

"Soma basi!"

Dada yake alikuwa akimtazama. Swaumu aliuinamia ule ukingo, akaituliza sauti, akaanza kusoma yasiyokuwepo.