Prosesa Mpya ya Baba

Mtaa mzima ulizisubiri kompyuta zenye prosesa mpya kama unavyosubiri mwezi wa Idi. Wapo waliosema zitakaa na chaji wiki nzima. Wapo waliosema marehemu wanaoishi ndani yake watacheka vizuri zaidi.

Tunu peke yake hakuwa na hamu. Katika kompyuta yao kuukuu, baba yake alipoamkiwa alinyamaza kwanza, feni ikavuma, ndipo akaitikia. Hata alipokuwa hai alikuwa hivyo: hakuitikia salamu mpaka aweke kikombe chini.

"Hiyo ni mashine imechoka tu," mama yake, Bi Mwanaisha, alimcheka. "Unataka baba yako akwamekwame milele?"

"Naogopa atakuwa mtu mwingine, mama."

"Mtu mwingine! Mimi niliyezeeka naye nisimjue?"

Ijumaa wakamhamishia kwenye mpya, na ile ya zamani ikachukuliwa, kama sheria ilivyotaka. Bi Mwanaisha alijitanda kanga ya sanduku, akaketi naye mpaka chai ikapoa. Alitoka uso umenawiri.

"Amepona, mwanangu. Hata ninalotaka kusema analijua kabla sijasema."

Tunu akaingia, akavuta kiti mbele ya skrini. Akajiandaa kumwamkia, kisha akingoje kile kimya alichokizoea.

"Marahaba, mwanangu," sauti ya baba ikaitikia kwa uchangamfu, naye Tunu alikuwa bado hajafungua mdomo.